Mia na Arobaini Kila Asubuhi

Benchi lenyewe limeegemea ukuta wa kinyozi, upande ambao jua hufika likiwa limeshachelewa. Ni ubao mrefu wa kukaa watu watano, umetandikwa sponji na kuvikwa ngozi bandia ya rangi ya damu ya mzee, na misumari yake ya vichwa vya duara imepangwa bila hata mmoja kwenda upande. Aliyelishona ni fundi makochi, bure kabisa, miaka mitatu iliyopita, kwa hoja kwamba watu wanaobishana sana wasikalie ubao mtupu. Asubuhi hiyo ya Jumamosi mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya mabati, manyunyu yamelowesha barabara, na mteja wa kunyolewa hakuna hata wa dawa, kwani nani anaondoa nywele kichwani siku ya baridi. Muuza kahawa, ambaye mtaa mzima unamwita Birika, alishatua jiko lake la mkaa na kupanga vikombe vitano. Vinne alivijaza. Cha tano alikiacha kimefunikwa, na hiyo ilikuwa siku ya sita.

Kwanza walibonyeza. Pale hakuna aliyeinua kikombe kabla ya kubonyeza, kama vile mtu asivyokula kabla ya kunawa. Kinyozi alitoa simu yake, akagusa kialama chenye picha ya kiti kwenye kioo cha simu, akasubiri duara lianze kuzunguka, kisha akafunga haraka kabla picha hazijafunguka, maana picha za makochi zinamaliza bando. Akafungua tena, akafunga tena. Mara ishirini. Pembeni yake dalali wa nyumba alifanya hivyo hivyo kwa simu mbili, mkono huu na mkono huu. Birika alibonyeza kumi zake kwa kidole gumba chenye sugu ya moto. Mwisho alikuwa fundi simu wa kibanda cha jirani, ambaye jina lake la kijiweni ni Netiweki. Huyo alibeba boksi la viatu lililojaa simu za wateja zilizokuja kutengenezwa, na kila iliyokuwa na uhai aliibonyezesha mara kadhaa. Walipomaliza, wakanywa.

Walichokuwa wakibonyeza ni blogu ya fundi makochi. Yeye mwenyewe aliipa jina Kaa Vizuri. Netiweki ndiye aliyemshawishi, zaidi ya mwaka mmoja uliopita, akamwambia dunia ya leo fundi asiyeandika ni sawa na duka lisilo na mlango, watu watampita tu. Fundi alikuwa mtu wa kuamini anachoambiwa na wenzake. Akaanza kuandika kila Jumapili jioni, kwa kalamu kwanza kwenye daftari, halafu kwa kidole kwenye simu: namna ya kulitambua sponji lililozeeka, kwa nini kochi hupiga kelele upande mmoja, mbao gani hudanganya. Mwezi wa kwanza, namba iliyokuwa chini ya ukurasa, ile inayohesabu waliofungua, ilionyesha tatu kwa siku. Na hao watatu ni yeye mwenyewe, asubuhi, mchana na jioni.

Kinyozi alimwona alivyonyong'onyea. Mtu wa kucheka na kila anayepita akawa anakunywa kahawa yake akitazama viatu. Huruma ilimshika kinyozi, na huruma ya kinyozi ndiyo iliyozaa balaa hili lote. Aliwaita wenzake pembeni akasema kumsaidia mwenzenu si lazima kutoa kitu mfukoni, hata kidole kinatosha. Wakakubaliana kufanya hivyo kila asubuhi, saa moja, kabla fundi hajafika. Namba ikapanda hadi arobaini, ikafika tisini, na Netiweki alipogundua ujanja wa boksi la viatu ikatulia kwenye mia na arobaini. Fundi akarudi kucheka.

Kisha, miezi miwili iliyopita, alikuja akawatangazia kwamba anaondoka pale barabarani. Kibanda chake cha mbele, ambapo makochi yalikaa nje na kila apitaye akayaona, anakiachia mtu mwingine. Kazi ataifanyia uani kwake, kule nyuma ya soko, karibu na mama yake mzee aliyekuwa haamki tena kitandani.

— Barabarani wananiona wapita njia, alisema. Na mpita njia hana shida ya kochi, ana shida ya kufika aendako. Wale wa kwenye blogu ni watu waliokaa. Nikiwafuata hao nitakosea wapi?

Hakuna aliyemwambia angekosea wapi. Kinyozi alitaka kumwambia. Aliona aibu. Alijipa moyo kwamba atamwambia kesho, na kesho zikafuatana mpaka zikawa miezi miwili. Fundi aliendelea kuja asubuhi, akitembea mwendo wa nusu saa kutoka nyuma ya soko, akawa anaeleza kwamba wateja bado ila wasomaji wako imara. Halafu Jumatatu hii hakuja. Wala Jumanne. Leo kinyozi alikuwa ameamka na nia kamili: akija tu, hata kabla hajakaa, atamwambia.

— Hajaja tena, alisema Birika, akikitazama kile kikombe kilichofunikwa.

— Na hatakuja, akajibu dalali. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Yule kashatajirika.

— Katajirika na nini?

— Na blogu. We unafikiri mia na arobaini kwa siku ni mchezo? Mimi nimeuza viwanja miaka kumi na tano. Kiwanja thamani yake ni miguu inayopita mbele yake. Sasa pale kwa fundi wanapita mia na arobaini kila siku, mvua jua. Kile ni kiwanja cha kona, bwana. Kuna kampuni imekuja na mkoba, kapewa chake, kaambiwa atulie.

Birika alitikisa kichwa. Yeye aliona jambo hilo kwa jicho jingine, jicho la mtu aliyewahi kufukuzwa kwenye lango la ofisi na kahawa yake mkononi. Alieleza kwamba hatari ya kuandika ni kwamba unasomwa na usiyemtaka. Fundi aliwahi kuwasimulia kwamba ameandika habari za kiti kimoja cha ofisini, kikubwa, cha kuzunguka, ambacho nje ni ngozi na ndani ni matambara.

— Kile kiti ni cha nani? akauliza Birika. Hamjui. Mimi pia sijui. Lakini mwenye kiti anajua. Mkubwa akisikia anakalia matambara, atamshukuru mtu? Mwenzetu kaitwa mahali. Saa hizi yuko kwenye chumba hakina hata kigoda.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, dalali akaitikia kwa huzuni, na hakuna aliyeelewa alikuwa na maana gani.

— Mnafikiri kimtaa sana, Netiweki akawaambia.

Akaweka boksi lake la viatu chini, dalili kwamba hotuba inakuja. Blogu, alisema, haina mtaa wala mji. Wanaoifungua wako ng'ambo. Huko kuna viwanda vya makochi ukubwa wa uwanja wa mpira, na mainjinia wake hawajui kile fundi anachokijua kwa kupapasa. Walimsoma, wakashtuka. Sasa wamemchukua, wamemfungia mitambo kichwani, wanavuta ujuzi wote aliokuwa nao, na mtambo ukishajaa utaandika kama yeye, utacheka kama yeye, na sisi tutaendelea kusoma tukidhani ni yeye.

— Na mwili wake? Birika akauliza, kwa wasiwasi wa kweli.

— Mwili wataurudisha. Ila hatatukumbuka.

— Masikini, akasema Birika.

Kinyozi alikuwa ameshika kikombe kinachopoa. Alikuwa akiwasikiliza kama mtu anayesikiliza wanawe wakigombania ndoto. Mwishowe hakuweza tena.

— Jamani, akasema. Hao mia na arobaini si ni sisi?

Wakamtazama.

— Sisi ni sehemu tu, akasema dalali.

— Sehemu gani? Mimi ishirini, wewe thelathini, Birika kumi. Boksi la huyu themanini. Hapo amebaki nani wa ng'ambo?

Dalali alijikuna shingo. Ajabu ni kwamba hawakuwa wakidanganya. Mtu akitazama namba moja kila siku kwa mwaka mzima husahau kwamba yeye ndiye aliyeiweka pale. Lakini dalali hakuwa mtu wa kuacha mjadala ufe mikononi mwake. Alisema basi, hata kama ni wao, hilo nalo ni jambo la kheri. Fundi alikuwa chini, wao wakamwinua. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mwaka mzima hawajakosa hata asubuhi moja. Wangapi katika mtaa huu wana marafiki wa namna hiyo?

— Tungekwenda kumtazama, kinyozi akasema. Siku sita si kidogo.

— Asiyekuwepo na lake halipo, dalali akasema.

Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Dalali alikuwa na mteja mchana. Netiweki hawezi kuacha simu za watu. Birika, akitoka pale, anachemsha nyingine ya kupitisha maofisini. Kinyozi mwenyewe alikumbuka kwamba juzi alivaa koti ili aende, akafika kwenye kona, akaona jinsi atakavyolazimika kuukabili ule uso na kusema lile neno, akarudi akakaa.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja kutoka upande wa soko. Alitembea ukingoni mwa barabara akikwepa madimbwi, kitambaa cheusi kichwani, mwavuli umefungwa mkononi ingawa manyunyu yalikuwa hayajakoma. Kinyozi alimtambua alipokaribia. Alikuwa binti mkubwa wa fundi, yule aliyekuwa akimletea baba yake chakula kibandani tangu akiwa na sare ya shule. Siku hizi ni mtu mzima, ni muuguzi.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanangu, wakaitikia kwa pamoja, na dalali akawahi kuongeza kwa kicheko: — Mwambie mzee asitutupe. Utajiri una mwisho, watu hawana.

Binti hakucheka. Alimtazama dalali kama vile amesikia lugha ngeni.

— Bibi tumemzika Jumatatu, akasema.

Mkaa ulipasuka ndani ya jiko. Birika aliinuka, akashindwa kujua ameinukia nini, akakaa. Walisema pole, mmoja baada ya mwingine, pole zilizokauka. Kinyozi alimwona yule bibi akilini mwake, kibibi chembamba kilichokuwa kikija kwa mkongojo enzi kilipoweza kutembea, kinakaa kwenye kiti cha kunyolea, kinasema punguza zote baba, nimechoka kuchana. Hakuwahi kumtoza.

— Mbona hatukupewa habari? akauliza dalali, na sauti yake ilikuwa na lawama kidogo. Mwanangu, msiba si jambo la kuficha. Hata simu moja tu?

— Baba aliwaandikia.

— Alituandikia wapi?

— Pale pale anapowaandikia. Jumapili jioni. Mimi nilimwambia awapigie. Akasema hakuna haja. Akasema wale wengine ni wageni, siwajui, lakini wa saa moja asubuhi ni wenzangu wa kijiweni, kila nikifika nawakuta simu mkononi, hawanikosi. Basi Jumatatu saa moja alikuwa amekaa mlangoni na simu yake. Namba ikaanza kupanda. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ikapanda, ikapanda, ikafika mia na arobaini na mbili. Akafuta macho. Akasema haya, wameshapata habari, wanakuja.

Hakuwa analia. Alizungumza taratibu, kama anavyozungumza muuguzi na watu wa mgonjwa.

— Mazishi yalikuwa saa nne. Baba akasema tuwangoje. Tukawangoja mpaka saa sita. Wachimbaji wakasema wana kaburi jingine. Jeneza walilibeba wao, na dereva wa gari, na baba.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Boksi la viatu lilikuwa pale chini katikati yao, na simu moja ndani yake ikatoa mlio wa betri inayokwisha. Netiweki aliisukuma kwa mguu kwa upole, kama mtu anayemnyamazisha mtoto.

— Tangu siku hiyo hatoki, binti akaendelea. Hali chakula vizuri. Leo ndo kanituma. Kasema niende niwaulize jambo moja tu, nirudi na jibu. Amewakosea nini?

Netiweki alianza kusema kitu kuhusu mtandao, kwamba siku nyingine ukurasa hufika nusu, kwamba maandishi huchelewa. Sauti yake ikapotea yenyewe. Dalali alikuwa akiisugua ile ngozi ya benchi kwa kidole, pale penye mshono.

— Hajatukosea kitu, mwanangu, kinyozi akasema. Hatukusoma.

— Siku hiyo?

— Siku zote.

Akamweleza. Hakujitetea na hakuwasingizia wenzake. Alisema yeye ndiye aliyeanzisha. Alimweleza kialama cha kiti, bando, kufunga kabla picha haijafunguka, boksi la viatu. Alimwambia walifanya hivyo kwa mapenzi. Neno hilo lilipomtoka alisikia jinsi lilivyo dogo, na angependa kulirudisha. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Manyunyu yalikuwa yameanza kumlowesha mabega, na hata hivyo hakuufungua mwavuli.

— Baba hajapata kazi tangu ahamie uani, akasema. Hata kigoda. Kila siku nilimwambia arudi barabarani. Alikuwa ananionyesha ile namba. Ananiambia, kazi itakuja, lakini hata isipokuja, kuna watu wanaonisoma. Aliandika kuhusu nyinyi, mnajua? Kila mmoja. Alikuwa ananisomea kwanza, anacheka peke yake, anasema hii dalali akiisoma atanitafuta.

Dalali aliinamisha kichwa. Kinyozi alitaka kufanya kitu kwa mikono yake, ndipo akagundua kwamba bado ameshika simu. Akagusa kialama cha kiti. Duara likazunguka. Mara hii hakufunga. Picha ilishuka polepole kutoka juu: si kochi, ni kile kiti cha mikono cha bibi, kitupu, kimesogezwa dirishani. Chini yake maandishi, si mengi. Fundi alitaja saa, na mahali, na kwamba mama aliondoka bila maumivu. Akaandika kwamba hana ndugu wa kiume, ila ana kijiwe. Dalali na Netiweki watabeba nyuma. Birika asibebe, mgongo wake haufai, yeye atembee tu karibu. Kinyozi ashike mbele, upande wa kulia, kwa sababu ndiye aliyemnyoa mama tangu nywele zake zilipoanza kuwa nyeupe, na mama alikuwa akisema mkono wake ni mwepesi.

Alisoma mara mbili. Kisha akaiweka simu gotini, macho yanamuuma, na hakujali nani anamwona.

— Sasa nielekezeni, baba zangu, binti akasema. Ametaka jibu, na siwezi kurudi mikono mitupu. Nimwambie lipi? Kwamba mlisoma mkaacha kuja, au kwamba hakuna mtu aliyewahi kumsoma?

Dalali, ambaye hajawahi kukosa neno la kiwanja wala la mwenye kiwanja, alitazama barabara. Netiweki alitazama boksi lake. Kinyozi alilitafuta jibu kwa moyo wake wote. La kwanza lilikuwa uongo, na lingemwachia fundi wasomaji lakini limnyang'anye marafiki. La pili lilikuwa kweli, lingemrudishia marafiki, na kisha angekumbuka kila Jumapili jioni aliyokaa na daftari lake. Aligeuza hili, akageuza lile. Angeweza kusema atakwenda yeye mwenyewe, lakini angekwenda kusema nini?

Binti aliona hawana haraka ya kumjibu. Akakaa. Alikaa kwenye nafasi ya tano, pale mwisho wa benchi, na sponji likabonyea chini yake bila kutoa sauti, kama kazi ya baba yake inavyotakiwa kufanya. Birika, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, alikifunua kile kikombe, akakipangusa kwa kitambaa, akainamisha birika lake juu yake.

Kahawa ilikuwa imekwisha. Binti aliweka mikono mapajani, akaendelea kungoja.